Barabara ya Bagamoyo: Njia ya Pwani Iliyotanguliwa na Bahari

Barabara inayotoka Dar es Salaam kwenda Bagamoyo, kwa mwendo wa takribani kilomita 70, hupita Mwenge, Tegeta na Bunju, huvuka Mto Mpiji unaotenganisha Mkoa wa Dar es Salaam na Mkoa wa Pwani, kisha hupita Mapinga, Kerege na Zinga kabla ya kuingia katika mji wa kale. Ni barabara fupi, na kwa muda mrefu wa maisha yake ilikuwa duni. Habari zake zimefunikwa na sifa za njia nyingine iliyoanzia katika mji huohuo, yaani njia ya misafara iliyokwenda Tabora na Ujiji, ambayo imeandikiwa vitabu vingi. Hata hivyo, anayetaka kuelewa kilichoipata Bagamoyo baada ya misafara kukoma hana budi kuitazama barabara hii ndogo ya kusini, kwa sababu mji uliokuwa mwanzo wa njia kuu ya Afrika Mashariki uligeuka kuwa mwisho wa njia ya mkoa, na mageuzi hayo yaliandikwa ardhini.

Tofauti ya maneno mawili inafaa kuwekwa wazi mapema. Njia ni mahali popote panapopitwa, hata kama ni uchochoro wa mguu mmoja kati ya vichaka, na watu wa Mrima, yaani ukanda wa bara unaotazamana na Unguja, walizijua njia zao kwa visima, mibuyu na vivuko. Barabara ni neno lenye asili ya Kiajemi, lililoenea pia katika lugha za India, ambalo maana yake ya msingi ni usawa. Maana hiyo bado imo katika Kiswahili, kwa kuwa mtu akisema kazi imefanyika barabara husema imefanyika sawasawa. Kwa hiyo barabara ni njia iliyosawazishwa kwa makusudi, yenye upana na tuta, na inayohitaji mamlaka ya kuitunza. Kwa kipimo hicho, pwani ya kaskazini mwa Dar es Salaam ilikuwa na njia kwa mamia ya miaka kabla ya kuwa na barabara.

Sababu ya kwanza ni maumbile ya pwani yenyewe. Kutoka Msasani hadi mdomo wa Mto Ruvu, ambao maandishi ya karne ya 19 huuita Kingani, ufuo umekatwakatwa na hori, yaani vidole vya bahari vinavyoingia nchi kavu na kujaa maji wakati wa bamvua, na hori hizo zimezungukwa na misitu ya mikoko ambayo matope yake hayampi mtu nafasi ya kukanyaga. Wakati wa masika udongo mweusi wa mabonde huteleza na kunasa. Bahari, kwa upande wake, ilikuwa wazi na haikudai matengenezo. Mashua iliyong'oa nanga Mzizima, kijiji kilichokuwapo kabla ya Dar es Salaam, ilisukumwa na kusi hadi Kaole au Bagamoyo bila mtu kubeba mzigo kichwani, na kaskazi ilipovuma safari ilirudi kwa wepesi uleule. Hapakuwa na haja ya barabara mahali ambapo upepo ulikuwa tayari umefanya kazi yake.

Mabaki ya miji ya zamani yanathibitisha hali hiyo. Kaole, iliyo kilomita chache kusini mwa Bagamoyo, ina msikiti ambao misingi yake inarejeshwa karne ya 13, na Kunduchi ina msikiti pamoja na makaburi ya nguzo ya karne ya 18, ambayo kuta zake zilipambwa kwa sahani na bakuli za Kichina. Kaburi la nguzo ni kaburi lililosimamishiwa mnara wa mawe ya matumbawe kuonyesha hadhi ya marehemu. Vyombo hivyo vililetwa kwa majahazi, na miji hiyo yote ilijengwa ikiitazama bandari yake. Uhusiano kati yao ulipitia majini, na pale bandari ilipoharibika mji ulihama: hori ya Kaole ilipojaa mchanga na mikoko, maisha ya biashara yalisogea kaskazini hadi Bagamoyo. Njia ya nchi kavu iliyounganisha vijiji vya Washomvi, wenyeji wa pwani waliotawaliwa na majumbe na waliojulikana kwa kuchemsha chumvi na kuiuza bara, ilibaki kuwa njia ya jirani kwenda kwa jirani, ya arusi, ya msiba na ya soko dogo. Haikuwa njia ya kujengea utajiri.

Utajiri ulikuwa upande wa magharibi. Katika karne ya 19 pembe za ndovu, pamoja na watu waliofanywa watumwa, zililetwa kutoka Unyamwezi na nchi za maziwa hadi pwani inayokabili Unguja, na Bagamoyo, iliyo takribani kilomita 40 tu kutoka kisiwani, ikawa mlango mkuu. Wapelelezi Richard Burton na John Speke waliondoka Kaole mwezi Juni 1857 na kufika Ujiji Februari 1858, muda unaoonyesha njia hiyo ilivyokuwa ndefu. Msafara uliongozwa na kirangozi, aliyetangulia mbele na kujua mahali pa maji; nyuma yake walifuata wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, ambao upagazi kwao ulikuwa kazi ya heshima na hatua ya kuwa mtu mzima. Watawala wa njiani walidai hongo, neno ambalo wakati huo halikuwa na aibu ya rushwa liliyonayo leo, kwani lilikuwa ushuru halali wa kupita katika nchi ya mtu. Mwezi Februari 1874 mwili wa David Livingstone uliingia Bagamoyo kwa njia hiyo, ukiwa umebebwa na watu wake wakiongozwa na Chuma na Susi, na ukapokelewa katika misheni ya Mapadri wa Roho Mtakatifu iliyoanzishwa mwaka 1868.

Inastaajabisha kwamba hata waliofikiria kujenga barabara ya magurudumu katika miaka hiyo hawakuufikiria mwambao. Mwaka 1876 Roger Price wa misheni ya London alijaribu kupitisha magari ya kukokotwa na ng'ombe kutoka Saadani kuelekea Mpwapwa, na mwaka 1877 William Mackinnon na wenzake walianza kugharimia barabara kutoka Dar es Salaam kuelekea Ziwa Nyasa, kazi iliyoachwa mwaka 1881 baada ya kufika zaidi ya kilomita 100. Miradi yote miwili ilikwamishwa na mbung'o, nzi anayeeneza ugonjwa wa nagana unaoua ng'ombe na farasi, na hivyo kichwa na bega la mpagazi vikabaki kuwa chombo pekee cha uchukuzi. Jambo la kuzingatia ni kwamba barabara zote mbili zilielekea bara, mithili ya mito inayotiririka kinyume.

Ukoloni wa Kijerumani ndio uliougeuza mwelekeo huo, ingawa haukuanza kwa nia hiyo. Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki ilipojaribu kushika forodha za pwani mwezi Agosti 1888, watu wa Mrima waliinuka chini ya Bushiri bin Salim wa Pangani na Bwana Heri wa Saadani, na vita hivyo viliifunga njia ya misafara. Hermann Wissmann alifika mwaka 1889 na askari wake, akairudisha pwani mikononi mwa Wajerumani, na mnara wa Dunda uliojengwa mwaka huo kulinda mlango wa njia ya bara ungali umesimama. Bushiri alinyongwa Pangani mwezi Desemba 1889. Baada ya ushindi huo ingetarajiwa kwamba Bagamoyo ingebaki makao makuu, lakini maji yake ni mafupi: meli zilitia nanga mbali, na bidhaa zikateremshwa kwa mashua na mabega ya watu walioingia baharini hadi kifuani. Dar es Salaam ilikuwa na bandari ya ndani yenye kina na kinga, na mwaka 1891 serikali ilihamia huko.

Tangu mwaka huo kulikuwa na sababu ya kuiunganisha miji hiyo miwili kwa nchi kavu, maana mkuu wa wilaya aliyekaa Bagamoyo sasa alipokea amri kutoka kusini. Simu ya waya na tarishi vilihitaji njia iliyofyekwa, na vijiji vilivyo kando yake vililazimishwa kutoa nguvukazi ya kuifyeka chini ya usimamizi wa akida, yaani ofisa mzalendo aliyeajiriwa na serikali ya Kijerumani kuwasimamia majumbe. Biashara ya misafara haikufa mara moja. Makumi ya maelfu ya wapagazi waliendelea kupita Bagamoyo kila mwaka hadi mwisho wa karne, na tajiri Mhindi Sewa Haji Paroo alijenga sehemu ya utajiri wake kwa kuwakodisha. Kilichoiua ni reli. Ujenzi ulianza Dar es Salaam mwaka 1905, garimoshi likafika Morogoro mwaka 1907, Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na kila kituo kilichofunguliwa kilimpunguzia mpagazi sababu ya kuteremka hadi Bagamoyo. Mji ambao uliwahi kuwa na msongamano ukabaki na majumba yenye milango ya nakshi na biashara ya nazi, chumvi na samaki.

Katika Vita Kuu ya Kwanza njia ya pwani ilitumika kwa mara ya kwanza kuamua jambo kubwa. Waingereza walitua Bagamoyo mwezi Agosti 1916, kisha vikosi vyao vikateremka kusini hadi Dar es Salaam, ambayo ilisalimu amri tarehe 4 Septemba. Chini ya utawala wa Uingereza njia hiyo ikawa barabara ya udongo ya wilaya, ikirekebishwa baada ya kila masika, mara nyingi na watu walioshindwa kulipa kodi kwa fedha na hivyo kuilipa kwa jasho. Kazi yenye manufaa ya kudumu ilifanyika upande wa mjini, ambako mwishoni mwa miaka ya 1920 Mto Msimbazi ulijengewa daraja kwenye mdomo wake, likapewa jina la John Einar Selander, mkurugenzi wa kwanza wa idara ya ujenzi ya Tanganyika. Daraja hilo liliifungulia Dar es Salaam ardhi ya kaskazini. Kutoka hapo ziliota njia mbili ambazo wakazi waliziita Bagamoyo ya Zamani, iliyopita Mikocheni na Kawe na ambayo leo ina jina la rais wa zamani wa Kenya Mwai Kibaki, na Bagamoyo Mpya, iliyopita ndani zaidi.

Barabara ya Bagamoyo iliingia katika siasa za Tanganyika huru usiku wa tarehe 20 Januari 1964, askari wa kambi ya Colito, iliyo kando yake, walipoasi na kupanda malori kwenda mjini kuzishika sehemu muhimu. Siku tano baadaye wanamaji wa Uingereza walitua kambini hapo kwa helikopta. Kambi iliitwa baadaye Lugalo, kwa kumbukumbu ya mahali ambapo jeshi la Wahehe la Mkwawa liliwashinda Wajerumani mwaka 1891. Miaka miwili baada ya maasi kiwanda cha saruji cha Wazo Hill kilianza kazi, kikitumia mawe ya chokaa ya kilima hichohicho, na katikati ya miaka ya 1970 mtambo wa maji wa Ruvu Chini ulijengwa karibu na Bagamoyo, bomba lake likifuata mkondo wa barabara hadi matangi ya Chuo Kikuu. Saruji na maji ya jiji vilitoka njia hii, lakini lami iliishia kilimani kwenye kiwanda. Aliyeendelea mbele aliingia katika vumbi wakati wa kiangazi na matope wakati wa mvua, na ilikuwa kawaida kwa mabasi kukwama na abiria kushuka kusukuma. Jiji lilinufaika na barabara hii kwa miongo mingi kabla ya watu wa Bagamoyo kunufaika nayo, na ucheleweshaji huo unastahili kuitwa dhuluma.

Lami ilifika Bagamoyo mwanzoni mwa miaka ya 2000. Safari iliyokuwa ikimeza nusu siku ikawa ya saa moja na ushei, na mashamba ya minazi na mikorosho ya Bunju, Mapinga na Kerege yakaanza kukatwa viwanja. Kipande cha Mwenge hadi Tegeta kilipanuliwa kwa msaada wa Japani na kufunguliwa mwaka 2014. Lakini badiliko lenye uzito mkubwa zaidi kihistoria lilitokea Makofia, njiapanda iliyo nje kidogo ya Bagamoyo, ambapo katika muongo huohuo ilijengwa kwa lami barabara ya kilomita 64 inayovuka Ruvu na kukutana na barabara kuu ya kaskazini pale Msata. Kwa mara ya kwanza tangu reli ilipowakatisha tamaa wapagazi, gari linalotoka Bagamoyo liliweza kwa urahisi kuelekea bara bila kupitia Dar es Salaam, na malori ya Tanga na Arusha yakaanza kuipita Bagamoyo kuukwepa msongamano wa Kibaha.

Mipango mikubwa zaidi imekwenda kwa kusuasua. Makubaliano ya kujenga bandari kubwa Mbegani, karibu na Zinga, yalitiwa saini mwaka 2013 wakati wa ziara ya Rais Xi Jinping wa China, jiwe la msingi likawekwa mwaka 2015, kisha mradi ukasimamishwa, huku wenye mashamba katika eneo lililotengwa wakiishi kwa miaka wasijue kama wapande minazi mipya au wangoje fidia. Upande wa kaskazini kazi imeendelea kwenye barabara ya kutoka Bagamoyo kupitia Saadani hadi Pangani na Tanga, ambako daraja la mita 525 limebuniwa kuvuka Mto Pangani, mahali ambapo watu na magari wamezoea kungoja kivuko. Barabara hiyo inafuata mwambao uleule ambao mashua zilikuwa zikiufuata, ikipita nyuma ya mikoko, kutoka mdomo wa mto mmoja hadi mwingine.