Walishindwa Kesi, Wakapata Walichokidai

Kila mjadala wa rushwa ya ngono vyuoni unapozuka, swali huwa lilelile: mbona wasichana hawasemi? Nimefundisha chuo kikuu kwa muda wa kutosha kujua kwamba swali hilo limekaa upande. Wanasema. Huambiana mabwenini ni mhadhiri gani usimfuate ofisini peke yako, na onyo hilo hurithiwa mwaka hadi mwaka kama mitihani ya zamani. Kinachokosekana ni mahali pa kusemea ambapo neno lililosemwa huandikwa, hupokewa na hujibiwa. Mahali hapo hapakuletwa na hisani ya wakuu wa vyuo. Palidaiwa mahakamani, na waliopadai walishindwa.

Nchini Marekani katikati ya miaka ya 1970, hata jina la tatizo halikuwepo. Carmita Wood, mtumishi wa Chuo Kikuu cha Cornell, aliacha kazi kwa kuchoshwa na bosi aliyekuwa akimshikashika. Alipoomba mafao ya kukosa ajira alinyimwa, kwa maelezo kwamba sababu zake za kuondoka zilikuwa za binafsi. Wanawake waliomuunga mkono mjini Ithaca mwaka 1975 ndio waliokaa wakatafuta neno la kuliitia jambo lile, neno ambalo sisi leo tunalitafsiri unyanyasaji wa kijinsia. Jambo lisilo na jina ni rahisi kulirudisha kwa mwenyewe liwe lake binafsi.

Chuo Kikuu cha Yale kilianzishwa mwaka 1701, lakini wanawake hawakupokewa katika shahada yake ya kwanza mpaka mwaka 1969. Miaka minane baadaye baadhi yao walikishtaki. Sheria waliyoishika ilikuwa ile ya mwaka 1972, Sehemu ya Tisa ya marekebisho ya sheria ya elimu, inayokataza ubaguzi wa jinsia katika taasisi za elimu zinazopokea fedha za serikali kuu. Hoja yao ilikuwa mpya: kwamba mwalimu anayeweka mwili wa mwanafunzi kuwa bei ya alama anambagua kwa jinsia yake, na chuo kisicho na utaratibu wa kupokea malalamiko ya namna hiyo kinashiriki katika ubaguzi huo.

Miongoni mwao alikuwa Pamela Price, mwanafunzi mweusi, aliyedai kwamba profesa alimwahidi alama ya A endapo angemkubalia, naye alipokataa akapata C. Ann Olivarius hakudai kwamba yeye mwenyewe aliguswa. Dai lake ni kwamba, kwa kuwa chuo hakikuwa na ofisi ya kupokea malalamiko, alijikuta akiifanya kazi hiyo yeye, kwa muda wake na fedha zake, huku akitishwa na wale aliokuwa akiwachunguza. Hili la Olivarius huniingia zaidi kuliko yote, maana katika vyuo vingi viongozi wa wanafunzi wa kike bado wanaifanya kazi hiyohiyo, bila kinga wala posho.

Kumbuka kwamba hawakudai fidia ya fedha. Walitaka utaratibu.

Desemba 1977 mahakama iliondoa madai ya wote isipokuwa la Price, lakini ikakubali kwamba kufanya maendeleo ya masomo yategemee kukubali ngono ni ubaguzi wa jinsia katika elimu. Mwaka 1979 Price naye alishindwa: jaji hakuridhika kwamba tukio lilitokea. Mwaka 1980 mahakama ya rufaa ilithibitisha hukumu hiyo, na ikaongeza kwamba wenzake wengi walikwisha kuhitimu, na chuo kilikwisha kuweka utaratibu wa malalamiko, hivyo hapakubaki kitu cha kuamriwa. Ndivyo walivyoshindwa. Price mwenyewe aliishia kuwa wakili wa haki za raia.

Wapo wanaosema hukumu ya 1979 inathibitisha kuwa wasichana husingizia. Sioni hivyo. Lalamiko la faraghani, la maneno kati ya watu wawili chumbani, lilipata kupimwa kwa makini miaka kadhaa baada ya siku inayobishaniwa. Chombo kinachosikiliza mapema humfaa pia mhadhiri asiye na hatia, ambaye bila chombo hicho jina lake husambaa koridoni na hana pa kujitetea.

Kwetu historia ilikwenda kwa njia yenye uchungu zaidi. Februari 1990 Levina Mukasa, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alijitoa uhai baada ya kunyanyaswa na wanafunzi wenzake wa kiume. Chama cha Wanahabari Wanawake, TAMWA, hakikukubali jambo hilo lizikwe naye. Mwaka 1998 Bunge lilipitisha sheria ya makosa ya kujamiiana, iliyoingiza unyanyasaji wa kijinsia katika Kanuni ya Adhabu. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, kifungu cha 25, ikamgusa moja kwa moja mwenye mamlaka anayedai ngono ili atoe ajira, haki au upendeleo: faini isiyozidi shilingi milioni 5, au kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote viwili.

Kwa hiyo jina tunalo, na kosa limeandikwa. Lakini tazama mwanafunzi wetu anavyofundishwa kuandika barua rasmi. Chini ya anwani ya anayeandikiwa huweka mstari mmoja: KUPITIA KWA MKUU WA IDARA. Mkuu wa idara hunywa chai na mlalamikiwa saa nne, na mwezi ujao watakaa wote kwenye kikao cha kupitisha matokeo, ambamo jina la mwandishi wa barua litasomwa pamoja na alama zake.