Pembua

Kuna programu zinazopitia data za vituo vya ardhini vinavyopokea mawimbi ya setilaiti za GPS na Galileo, mfano kile cha Malindi, ili kuamua vipi vitumike. Ukisema zinachagua vituo, hujakosea, ila umesema nusu. Hata anayefuata rangi tu huchagua. Programu hizi zinapembua, kama ungo unavyotenga chuya na mchele. Huhesabu vipimo vilivyokosekana na mara ambazo mawimbi yalikatika. Hunasa pia mawimbi yaliyogonga kwanza paa la mabati ndipo yakafika kwenye antena: yamechelewa, na umbali unaopimwa umepotoka. Kituo chenye kasoro nyingi huachwa. Waandishi wa sayansi, neno tunalo, tulitumie.