Magari Yaliyolala Vitani

Vita Kuu ya Pili ilipotangazwa mwezi wa Septemba 1939, petroli katika Uingereza ilitiwa katika mgawo kabla mwezi haujamalizika, na ilipofika Julai 1942 hata kipimo kidogo alichopewa mwenye gari la matembezi kikaondolewa, ruhusa ya kununua ikabaki kwa tabibu, mkulima na wengine ambao shughuli zao zilihesabiwa kuwa za lazima. Magari mengi ya Austin na Morris yakainuliwa juu ya matofali na magogo ili tairi zisielemewe, yakafungiwa mabandani. Na mwenye hadhari alimwaga maji ya radieta, akatoa betri, akatia oili kidogo katika kila silinda kwa tundu la plagi.

Kipimo hicho kiliporudishwa Juni 1945, subira iliyodumu miaka mitatu aghalabu iliisha kwa asubuhi moja. Gari lililokaa huonekana zima kwa nje, ilhali ndani kutu imezigandisha ringi za pistoni, petroli kuukuu imeacha utomvu mzito katika vitundu vya kabureta, na betri haikubali tena umeme. Stata ya umeme, ambayo Cadillac ilikuwa nayo tangu 1912, haifai kitu bila betri. Watu wakarejea kwenye hendeli ya kuzungushia injini kwa mkono, na asiyejua adabu yake, kwamba kidole gumba kikae upande mmoja na wenziwe na mkono uvute juu wala usisukume chini, aliweza kuvunjwa kifundo cha mkono injini iliporusha kinyume.

Fundi stadi hakuanza na hendeli. Aling'oa plagi, akamimina oili nyepesi iliyochanganywa na mafuta ya taa, akaiacha ipenye siku kadhaa, kisha akaizungusha injini polepole, plagi zikiwa bado nje, mpaka oili ikapanda kwenye beringi. Kwa rai yangu kutu husingiziwa mengi: ringi iliyoganda hulegea kwa mafuta na muda, bali iliyovunjwa kwa kukokotwa gari likiwa ndani ya gia huikwaruza silinda, na dawa yake ni kuikereza upya.

Mwishoni mwa 1947, kwa uhaba wa dola, kipimo kile kikaondolewa tena hadi katikati ya 1948, magari yakarudi juu ya matofali. Mgawo wenyewe haukufutwa mpaka Mei 1950, na petroli hafifu isiyo na jina la kampuni, iliyoitwa Pool, iliendelea kuuzwa hadi 1953.