Mstari Uliopita Igembe Kabla ya Mzungu Kufika

Tarehe 1 Novemba 1886, Uingereza na Ujerumani zilimaliza kuandikiana barua za kugawana Afrika Mashariki. Mstari wa kusini tunaujua sote, kwa kuwa ndio mpaka wa Kenya na Tanzania hadi leo: unaanzia mlangoni mwa mto Umba karibu na Vanga, unauzunguka Kilimanjaro kwa kaskazini, kisha unakwenda zake hadi Ziwa Viktoria. Wa kaskazini umesahaulika. Ulianzia mlangoni mwa Tana, ukapanda na mto huo "au vijito vyake" hadi ikweta inapokutana na nyuzi 38 mashariki, halafu ukakata moja kwa moja hadi nyuzi 1 kaskazini na nyuzi 37 mashariki. Hapo ukaishia porini.

Chukua ramani na rula. Makutano hayo ya ikweta yako Meru, chini ya milima ya Nyambene, upande wa mbuga ya wanyama. Kutoka hapo mstari unaelekea kaskazini-magharibi na kuipasua milima yenyewe. Embu, Chuka na Imenti zilibaki ndani ya fungu la Mwingereza. Maua, na sehemu kubwa ya Igembe, ilibaki nje, haina mwenyewe katika hesabu za Ulaya, yaani ilikuwa ya yeyote atakayewahi. Na kaskazini tu ya mlango wa Tana, pale Witu, Mjerumani alikuwa tayari amepandisha bendera.

Niliufuatia mstari huo kwa matatu nikianzia Embu, kwa sababu ya swali ambalo wapenzi wa historia hawachoki kuulizana: ingekuwaje kama mwaka 1914 wakubwa wa Ulaya wangepatana badala ya kupigana? Swali zuri, ila wengi hulijibu kana kwamba kupatana kungekuwa jambo jipya. Wakubwa hao walikuwa wamepatana kwa miaka thelathini, na Embu ni mahali pazuri pa kutazama kupatana kwao kulifananaje.

Mwaka 1906, kuanzia Januari hadi Aprili, mabalozi walikaa Algeciras, Hispania, wakauzima ugomvi wa Morocco ambao ungeweza kuwapiganisha Ufaransa na Ujerumani. Ulaya ikashusha pumzi. Februari ya mwaka huohuo Wajerumani waliwanyonga viongozi wa Wangoni pale Songea, Maji Maji ikiwa bado inawaka. Juni, askari wa KAR, jeshi la kikoloni la Mwingereza, waliingia Embu. Kazi yao ilichukua kama mwezi mmoja: watu waliuawa, ng'ombe na mbuzi wakaswagwa, na kituo cha serikali kikajengwa. Mataifa mawili hasimu, kila moja likimpiga wa kwake, na kati yao hakuna aliyemrushia mwenzake hata jiwe. Vitabu vingi vya Ulaya huiita miaka hiyo miaka ya amani.

Mwishoni mwa 1907 alifika Embu, akitokea Fort Hall, tunayoiita Murang'a sasa, naibu waziri wa makoloni aliyekuwa na miaka thelathini na mitatu hivi. Jina lake Winston Churchill. Safari yake ya Afrika Mashariki aliiandikia kitabu mwaka uliofuata. Mtu huyo tutamkuta tena mbele.

Kutoka Embu barabara inashuka na kupanda kwenye mito inayotoka mlimani: Thuci, kisha Nithi, ambayo madereva huliteremkia daraja lake breki mguuni na abiria wakiwa kimya kwa sababu wanazozijua. Afisa wa Mwingereza, E. B. Horne, ambaye watu wa huku walimpa jina la Kangangi, alipita nchi hii 1908 akienda kufungua kituo cha Meru karibu na mto Kathita. Huko hakuhitaji vita. Habari za Embu zilikuwa zimeshatangulia.

Ukishapita Nkubu unavuka ikweta, na baada ya mji wa Meru ndipo nilipotoa simu. Mstari wa 1886 una jambo la kuchekesha: ukijumlisha namba ya latitudo na ya longitudo, jibu likifika 38 kamili umesimama juu yake. Kianjai jumla ilikuwa bado chini. Kabla ya Kangeta ilikuwa imeshapita. Hakuna jiwe wala kibao. Kuna mashamba ya miraa, vibanda, na proboksi zinazokimbiza mzigo kama ndege inaondoka sasa hivi. Mzee aliyekaa kando yangu aliniuliza napiga hesabu za nini. Nilipomweleza, alifikiri kidogo, akasema, "Kwa hiyo mimi ni wa Mjerumani, na shemeji yangu wa Nkubu ni wa Mwingereza?"

Ilikaribia kuwa hivyo. Juni 1889 Mjerumani Carl Peters alitua pwani ya Witu akizikwepa manowari za Waingereza. Kisingizio chake kilikuwa kwenda kumwokoa Emin Pasha, gavana aliyekwama kusini mwa Sudan. Shabaha yake ilikuwa nchi. Alipanda na Tana akipigana na watu njiani, akapita nyanda zilizo chini ya Mlima Kenya, na mapema 1890 alikuwa Mengo akimtilisha Kabaka Mwanga sahihi ya mkataba. Ungeheshimiwa mkataba ule, Ujerumani ingeshika mlango wa mto na Uganda mwisho wa njia, Nyambene ikiwa katikati. Inawezekana Maua ingetawaliwa na akida kutoka pwani, akiandika ripoti zake kwa Kiswahili, kama walivyofanya makumi ya maakida kule Tanga na Kilosa.

Lakini Bismarck, kansela wa Ujerumani, hakuwa na haja na nchi hiyo. Alishamwambia msafiri mmoja kwamba ramani yake ya Afrika iko Ulaya, kati ya Urusi na Ufaransa. Aliyemrithi, Caprivi, alitia sahihi tarehe 1 Julai 1890: Witu na madai yote ya nyuma yake kwa Mwingereza, Zanzibar chini ya ulinzi wa Mwingereza, na Ujerumani ikapewa, pamoja na mengine, Heligoland, kisiwa cha mwamba katika Bahari ya Kaskazini kisichofika kilomita mbili za mraba. Safari nzima ya Peters ikawa kazi bure. Igembe ikauzwa bila kuwahi kununuliwa.

Basi tukitaka kukisia dunia isiyo na vita vya 1914, tuendelee na biashara ileile. Mwaka 1898 London na Berlin zilikubaliana kwa siri namna ya kugawana Msumbiji na Angola iwapo Ureno ingezidiwa na madeni. Mwaka 1913 zikairekebisha rasimu hiyo. Juni 1914, siku chache kabla ya risasi za Sarajevo, zilikuwa zimeelewana hata juu ya reli ya Baghdad. Naona hivyo ndivyo ambavyo mambo yangeendelea: wadogo wakilipa kila wakubwa wanaponuniana.

Na hata vita vilipozuka Ulaya, havikulazimika kufika huku. Mkataba wa Berlin wa 1885 uliacha nafasi ya makoloni ya ukanda huu kutangazwa kuwa hayamo vitani. Gavana Schnee wa Dar es Salaam aliitaka nafasi hiyo. Belfield wa Nairobi naye alisema hadharani kwamba koloni lake halina maslahi katika vita hivyo ila kwa bahati mbaya ya ujirani. Tarehe 8 Agosti manowari ya Waingereza, Astraea, iliipiga Dar es Salaam mizinga. Waziri wa jeshi la majini alikuwa yule mgeni wa Embu.

Wanaume wa Embu na Meru wakachukuliwa kuwa wapagazi, hasa katika msako mkubwa wa 1917 uliosimamiwa na John Ainsworth. Upande wa Waingereza wapagazi karibu 100,000 walikufa, wengi kwa kuhara damu, maradhi na chakula kibovu.

Bila vita wangeachwa nyumbani? Kodi ya nyumba ilikuwepo, na walowezi walikuwa wakilia kila mwaka wapatiwe vibarua. Sheria ya kipande ilipitishwa 1915, na ni vita vilivyoichelewesha hadi 1919. Amani ingekileta kipande Embu na Meru miaka minne mapema, na wanaume wa kukivaa shingoni wangekuwa wengi zaidi.