Hadubini iliyomaliza ubishi wa kioo cha iPad

Machi 2, 2011, Steve Jobs wa Apple, akiwa katika likizo ya ugonjwa, alipanda jukwaani San Francisco kuionyesha dunia iPad ya pili. Kifaa chenyewe kimeandikwa vya kutosha. Waliosahaulika ni watu waliokuwa wakichokonoa vipuri na mafaili ili kujua toleo lijalo litabeba nini, kazi iliyokuwa na heshima yake.

Mwanzo wake haukuwa mzuri. Kabla ya uzinduzi wa iPad ya kwanza, Januari 27, 2010, wachambuzi walikuwa wakitaja bei ya karibu dola 1,000. Jobs aliwajua. Akaweka 999 kwenye skrini kubwa nyuma yake, kisha akaiangusha na kuweka 499. Ubashiri ule ulitegemea maneno matupu, na maneno yakaanguka pamoja na bei.

Baadaye mafundi wakaonyesha njia nyingine. Kishikwambi kile cha kwanza hakikuwa na kamera hata moja. Lakini kampuni ya ufundi ya Mission Repair ya Marekani ilipopata fremu yake, ilikuta nafasi tupu sehemu ya juu. Wakachukua kamera ya kompyuta ya MacBook, wakaipachika, ikakaa. Hakuna aliyehitaji kunong'onezwa na mtu wa ndani. Chuma chenyewe kilishasema. iPad 2 ilikuja na kamera mbili.

Ubishi mkubwa, hata hivyo, ulikuwa wa kioo. Hapa nategemea zaidi kumbukumbu za tovuti ya MacRumors, iliyoanzishwa mwaka 2000 na Arnold Kim alipokuwa bado mwanafunzi wa udaktari. Aliendelea nayo akiwa daktari wa figo, hadi mwaka 2008 alipoacha tiba na kuifanya kazi yake ya kudumu. Huenda ndiyo sababu tovuti yake ilipenda kupima kabla ya kutamka.

Kioo cha iPad ya kwanza kilikuwa na pikseli 1,024 kwa 768. Mwanzoni mwa 2011, ndani ya programu ya iBooks zilionekana picha zilizochorwa kwa ukubwa maradufu. Hesabu ikafuata yenyewe: 2,048 kwa 1,536. Kuzidisha mara mbili kila upande kulikuwa na mantiki, kwa sababu programu zilizokwisha kuandikwa zingekaa sawasawa bila kuvurugika. Januari, tovuti ya Engadget nayo ikaandika kwamba iPad 2 ingekuwa na kioo cha namna hiyo.

John Gruber, mwandishi wa blogu ya Daring Fireball, akapinga. Vyanzo vyake vilimwambia kioo hakibadiliki. Ukiangalia mzigo wenyewe, unaona kwa nini alikuwa na hoja: pikseli 786,432 zingekuwa 3,145,728, na kila moja inadai prosesa yenye nguvu, mwanga na betri. Machi ilipofika, Gruber alikuwa sahihi. Kioo kilibaki vilevile.

Wengi wakazicheka zile picha za iBooks. Walikosea kuzicheka. Zilikuwa ushahidi wa kweli wa mahali Apple ilikokuwa ikielekea, ila hazikutaja mwaka. Februari 2012 MacRumors walipata kioo kilichodaiwa kuwa cha iPad ya tatu. Kwa macho hakikuwa na tofauti na cha zamani, kwani ukubwa ulikuwa uleule wa inchi 9.7. Wakakiweka chini ya hadubini, cha iPad 2 pembeni yake, na ikaonekana wazi kwamba penye pikseli moja ya zamani sasa zimeenea nne. Ubishi wa mwaka mzima ukaisha kwa picha moja, wiki chache kabla ya Apple kusema lolote.

Machi 7, 2012 ikathibitika, na gharama yake ikaonekana. Betri ilipanda kutoka wati-saa 25 hadi 42.5, uzito kutoka gramu 601 hadi 652, unene kutoka milimita 8.8 hadi 9.4. Jina ndilo lililowashinda wabashiri: walisema iPad 3, wengine iPad HD, Apple wakaiita iPad mpya, basi.

Oktoba mwaka huohuo ikaja iPad mini ya inchi 7.9, miaka miwili baada ya Jobs kusema vishikwambi vya inchi saba vitakufa siku ya kuzaliwa. Baadaye zikafuata Air mwaka 2013, Pro mwaka 2015, na prosesa ya M1 mwaka 2021.

Siku hizi habari za matoleo yajayo hutoka kwa watu wachache, hasa Mark Gurman wa Bloomberg na mchambuzi Ming-Chi Kuo. Gurman alisema mapema kwamba iPad Pro ya Mei 2024 ingeweza kuruka M3 na kwenda M4, na ikawa hivyo. Simnyimi sifa yake. Linalonikera ni wanaonakili sentensi yake na kuichapisha kama uchunguzi wao, bila kipuri, bila picha, bila hata kueleza prosesa hiyo itamsaidia nini anayechanga fedha za kununua. Mhariri anayeletewa habari ya namna hiyo aulize kwanza: nani amekiona kifaa, na amekipima kwa chombo gani?