Viraka vya Wasidi

Kila tunapofundisha historia ya Waafrika waliovushwa Bahari ya Hindi, wanafunzi huuliza: walibaki na maneno yetu yapi? Wasidi wa Karnataka, nchini India, wanatufunza kuuliza zaidi ya hapo.

Mababu wa wengi wao walipelekwa utumwani Goa, iliyotawaliwa na Wareno tangu 1510 hadi 1961. Waliotoroka walijificha misituni. Leo wazawa wao husema Kikonkani na Kikannada.

Wanawake wa Kisidi hushona kwa mkono mablanketi ya viraka yaitwayo kawandi. Hukata nguo kuukuu, huanza kushona pembezoni, kisha huzunguka taratibu hadi katikati. Pembe nne humaliziwa kwa viraka vidogo viitwavyo phula, yaani maua. Kawandi isiyo na phula huhesabiwa kuwa uchi.

Tusikimbilie kudai kuwa phula ni neno la Kibantu. Ni la lugha za India, na majirani zao pia hushona viraka. Hata hivyo, historia ya watu waliopoteza lugha haimo katika kamusi pekee. Huenda imo pia katika blanketi analofunikwa mtoto.