Kwa nini mdogo? Esau, Mwanga na mji wa babu

TP inaendelea, na kwa kuwa nalala nyumbani Igoma badala ya hosteli kule Malimbe, ugali wa uhakika upo na boom linapumua kidogo.

Juzi mwalimu wa dini alipata udhuru, nikaambiwa nishike kipindi chake Kidato cha Pili. Mimi ni mtu wa Historia na Kiswahili, ila nikasema hainishindi, habari ya Yakobo na Esau naijua tangu mafundisho ya kipaimara. Nikaisimulia kwa mbwembwe zote: Isaka haoni, Rebeka anampika mbuzi, Yakobo anavaa ngozi mikononi, Esau anarudi porini anakuta baraka imeshakwenda. Nilipomaliza, kijana mmoja wa nyuma akanyoosha mkono: "Mwalimu, kwani Mungu ana shida gani na wakubwa?"

Darasa zima kicheko. Mimi sikucheka, nikabaki nashika chaki tu.

Niwaambie kwa nini. Baba yangu ni kifungua mimba. Babu alipokaribia kufa, kijijini upande wa Magu, aliwaita wazee akatamka kwamba mji na ng'ombe vyote ni vya baba mdogo, kitinda mimba wake. Baba anasema mzee alikuwa haoni vizuri, akalainishwa. Baba mdogo anasema yeye ndiye aliyebaki kumuogesha na kumlisha miaka yote ile, wenzake wako mjini. Ni mwaka wa tisa huu hawasalimiani. Sasa mtu kama mimi unasimamaje mbele ya darasa kuieleza hiyo sura ya 27 ya Mwanzo?

Basi nikamwambia yule kijana nitamjibu wiki ijayo, nikaingia kazini.

Jambo la kwanza lililonishangaza ni kwamba sheria yao Wayahudi inasema kinyume kabisa. Kumbukumbu la Torati 21, mstari wa 15 hadi 17: mzaliwa wa kwanza apewe mafungu mawili, hata kama baba anampenda zaidi mama wa yule mdogo. Yaani ni kama sheria za mila za urithi zilizoandikwa hapa kwetu mwaka 1963, ambazo daraja la kwanza ni la mtoto wa kwanza wa kiume wa nyumba kubwa. Sheria iko wazi. Lakini fungua masimulizi uone: Isaka anampita Ishmaeli, Yakobo anampita Esau, Yusufu anawapita kaka zake kumi, Efraimu anawekewa mkono wa kulia wa babu yake huku Manase mkubwa anatazama. Musa ana miaka 80 mbele ya Farao, Haruni kaka yake 83. Daudi walimwacha machungani wakati kaka zake wanapangwa mstari mbele ya Samweli. Sulemani anakalia kiti ambacho Adonia alishakifanyia na sherehe. Hiyo si bahati mbaya, wadau. Mtu aliyeyakusanya masimulizi hayo alikuwa na hoja.

Hoja gani? Historia tunafundishwa kumuuliza msimulizi kwanza. Daudi na Sulemani walikuwa wafalme waliopita juu ya vichwa vya kaka zao, kwa hiyo ufalme wao ulihitaji hadithi zinazosema kwamba ndivyo Mungu alivyofanya tangu zamani. Tena taifa lenyewe lilikuwa kitinda mimba kati ya wakubwa, Misri huku na Babeli kule, na Torati inawaambia waziwazi kwamba hawakuchaguliwa kwa wingi wao maana walikuwa wachache kuliko wote.

Hapo nikakumbuka hadithi ya Bunyoro, ng'ambo ya ziwa letu. Vijana watatu wanapewa bakuli za maziwa wazishike usiku kucha. Usiku wa manane mdogo anasinzia, anamwaga kidogo, anawaomba kaka zake, kila mmoja anampunguzia. Karibu na alfajiri mkubwa anamwaga yote, anaomba, wanamnyima! Asubuhi bakuli la mdogo limejaa. Yeye akawa Kakama, mtawala. Wa kati Kahuma, mfugaji. Mkubwa Kairu, mkulima. Haihitaji digrii kujua hadithi hiyo ilipendwa zaidi kwenye nyumba gani.

Ila Buganda ndiyo iliyonikamata. Kule mtoto wa kwanza wa Kabaka anaitwa Kiweewa, na kwa mila harithi kiti. Anakuwa msimamizi wa wana wa mfalme, basi. (Mimi naona ina akili: anayejua hatarithi hana haraka baba afe. Usukumani kwetu nako, sehemu nyingi zamani utemi haukwenda hata kwa mtoto wa mtemi, ulikwenda kwa mtoto wa dada yake.) Mutesa wa Kwanza alipofariki mwaka 1884 kiti kikaenda kwa Mwanga, kijana mdogo tu. Na baraka yenyewe ilikuwa ya moto. Akaua wakristo, 22 kati yao leo ni watakatifu, akagombana na karibu kila mtu, na Septemba 1888 wakampindua. Wakamweka nani? Kiweewa, yule mkubwa aliyekatazwa! Hakumaliza miezi miwili. Kalema, mdogo mwingine, akachukua kiti, na Kiweewa akauawa.

Sasa Mwanga alikimbilia wapi? Alivuka ziwa kwa mtumbwi akaangukia Magu. Magu hii hii ambayo magari yake yanapita hapa Igoma kila siku! Alikaa kwa Mwarabu mfanyabiashara, mambo yakawa mabaya, akatoroka hadi kwa mapadri wa Kifaransa Bukumbi. Aliporudi kupigania kiti chake, mmoja wa wapiganaji wa upande wake alikuwa Semei Kakungulu, ambaye mwaka 1919, kule Mbale, alijitangaza Myahudi na kuanzisha jamii ya Abayudaya. Wapo mpaka leo, na wanaisoma habari ya Yakobo na Esau katika Torati. Mwanga mwenyewe aliishia kuhamishiwa Ushelisheli, akafia huko mwaka 1903.

Na Torati nayo haifichi upande huo. Yakobo aliyeiba baraka alilala njiani kichwa juu ya jiwe, akamtumikia mjomba miaka 20, naye akadanganywa kwa kubadilishiwa mke kama alivyodanganya kwa ngozi ya mbuzi. Yusufu aliuzwa kwa vipande 20 vya fedha. Ukiisoma haraka unaona mdogo kapendelewa. Ukiisoma taratibu unaona Esau ana watu 400 na mali ya kutosha, na mwenye baraka ndiye anayechechemea, anainama chini mara saba mbele ya kaka yake. Hilo ndilo nililomjibu yule kijana jana. Akaniuliza, "Kwa hiyo Esau alimsamehe?" Nikamwambia alimkimbilia akamkumbatia, wakalia wote.

Jioni nilimhadithia baba, ila sikumtajia Yakobo, angejua nakoelekea. Nilimwambia ya Mwanga tu. Alikuwa anarekebisha redio yake. Akasikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Kwa hiyo aliyepewa kiti ndiye aliyelala kwa watu?"

Nikasema ndiyo.

Akarudisha betri, akafunga kile kifuniko cha nyuma. Halafu, bila kuniangalia, akaniuliza nauli ya Magu siku hizi ni shilingi ngapi.